Nilivyoufagia Msitu

Kosa langu la kwanza pale hifadhini ni kwamba niliufagia msitu. Njia ilikuwa kazi yangu, na kwa njia sina la kujilaumu. Lakini nilipomaliza njia sikusimama. Nilichukua ufagio wa chelewa nikafagia chini ya miti, baina ya mawe, ukingoni mwa shimo na ndani ya shimo, mpaka ardhi ikabaki tupu na alama za ufagio zikalala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Nikarudi nyuma nikatazama. Nikaona nimefanya kazi nzuri. Nikapiga picha.

Naandika haya nikiwa na hasira. Nalisema mapema ili msomaji asinitafutie upole ambao sina. Hasira yangu ina watu wake, na mmoja wao ni mimi.

Nimezaliwa Mji Mkongwe, katika nyumba ya ghorofa ambayo kuta zake zinamwaga chokaa kila ukiziegemea. Mama yangu alipigana na ile chokaa maisha yake yote. Alfajiri, baba hajarudi msikitini, uani pameshafagiwa, ngazi zimeshafagiwa, na kipande cha uchochoro mbele ya mlango, ambacho hata si chetu, nacho kimeshafagiwa. Mgeni akikuta jani la mkungu limeanguka uani, mama aliliombea radhi kama vile limemtukana mtu. Kwetu binti akiposwa, wanawake wanaotumwa kwenda kuiangalia nyumba huanza kuangalia chini. Mimi ni mtoto wa kiume lakini nililelewa kwa sakafu hiyohiyo, na nikaizidisha tabia hiyo kuliko mama mwenyewe. Nikifunga kufuli narudi kulivuta. Nikiandika ujumbe kwenye simu naufuta, nauandika tena, halafu siutumi. Skuli niliacha kwa sababu kila mtihani ulipokaribia nilitapika, na siku moja nikatapika mlangoni mwa chumba chenyewe cha mtihani, sikurudi tena. Ninayoyajua baada ya hapo nimejifundisha mwenyewe, kwa simu yenye kioo kilichopasuka na kamusi ya marehemu baba. Tatizo la kujifundisha mwenyewe ni kwamba hakuna wa kukwambia umekosea mpaka uwe umeshaharibu.

Kabla ya hifadhi nilifanya kibarua Kizimbani, kwenye mashamba ya viungo. Pale nilishika jambo moja nikalibeba kama amri: jani lenye madoa linaumwa, na jani linaloumwa linachumwa, linatolewa shambani, linachomwa. Nililipenda sana jambo lile. Lilikuwa ni kufagia kwa namna nyingine.

Mama mkubwa, dada yake mama, ndiye aliyenitafutia kazi ya hifadhini. Yeye anakaa upande wa Bwejuu, analima mwani, na kilimo cha mwani kimemfanya awe na mgongo mbaya na ulimi mkali. Siku nilipofika kwake na begi langu alinitazama juu mpaka chini.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba. Ndiye wewe unayekuja kufagia pori?"

"Ndiyo mie."

"Huku kwetu wanaume hawafagii hata chumbani mwao. Utachekwa."

"Nshazoea kuchekwa."

"Haya. Ingia ndani. Na viatu hivyo viache hapo, nshafagia."

Hifadhi yenyewe ni ndogo. Ni kipande cha msitu wa maweni baina ya barabara na bahari, unaoishia kwenye mikoko. Mtu mzima anaweza kukizunguka kabla chai haijapoa. Katikati kuna shimo: pango la zamani ambalo paa lake lilianguka, likaacha kuta za mawe ya matumbawe na maji kidogo ya baridi chini. Na katika kuta zile ndimo walimokuwa viumbe waliosababisha yote haya. Wanakijiji wanaziita kangaga na hawana zaidi la kusema juu yake. Ni mimea isiyotoa ua wala tunda. Machipukizi yake hutoka yamejikunja kama mkia wa kinyonga, halafu hujikunjua taratibu, na ukipita asubuhi na ukarudi alasiri utaona tofauti. Zilikuwa zimeota kwenye kila ufa. Nyingine zilikuwa na majani marefu kama upanga, nyingine vijani vidogo vyembamba vinavyotetema hata pasipo upepo. Hakuna aliyezipanda. Hakuna aliyezimwagilia. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi tangu siku ya kwanza. Sikuamini kwamba kitu kinaweza kuwa sawa bila mtu kukishughulikia.

Basi nikazishughulikia. Nilifagia majani makavu ukingoni mwa shimo, maana niliyaonea aibu. Nikashuka na brashi ya waya nikasugua ule utando wa kijani kwenye mawe, maana ulikuwa unateleza na mgeni angeanguka. Halafu siku moja niligeuza jani la kangaga nikaona chini yake kumejaa madoa ya rangi ya kahawia, yamepangika mistari miwili. Moyo ulinipasuka. Nikageuza la pili, vilevile. La tatu, vilevile. Nikasema: ugonjwa huu, na umeshaenea shimo zima.

Nilichanganya maji na sabuni ya unga kwenye ndoo. Nilishuka na kitambaa. Nikaosha jani moja moja, upande wa chini, nikisugua madoa mpaka yatoke, na yaliyokataa kutoka nikayachuma nikayachoma. Ukuta mmoja mzima niliuosha hivyo. Jioni yake nilikula kwa raha, nikamwambia mama mkubwa kwa majivuno, "Kangaga zilikuwa zinaumwa. Lau si mimi zingekufa zote." Akanitazama kwa heshima ambayo hakuwahi kunipa kabla. Kesho yake akawaambia wenzake pwani: mwanangu kagundua maradhi ya kangaga.

Msimamizi wa hifadhi alikuja kukagua wiki ile. Ni mtu wa mjini kama mimi, mnene, mcheshi, kofia yake haikai upande. Alisimama ukingoni akazungusha macho yake.

"Ah! Hapa sasa pamekuwa mahali," akasema. "Tazameni kijana huyu. Hata ukidondosha tende utaiokota ule."

Nilisifiwa mbele za watu. Kwa mtu kama mimi hilo ni kama kumpa mlevi chupa. Nikafagia zaidi.

Kiangazi kilipoingia kangaga zikaanza kukauka. Ukuta niliouosha ulikuwa wa kwanza. Majani yalibadilika rangi, yakajikunja kwa ndani, yakawa kama karatasi iliyopitishwa motoni. Nami nilifanya nini? Nilifagia yaliyoanguka.

Sikumbuki siku gani hasa niliamua kusoma. Nakumbuka nilikuwa nimekaa chini ya mvinje na simu mkononi, natafuta dawa ya yale madoa, na kila nilichosoma kilisema jambo ambalo sikutaka kuliamini. Nilifungua kamusi nikatafuta neno kwa neno, nikidhani nimesoma vibaya. Sikuwa nimesoma vibaya. Yale madoa hayakuwa maradhi. Ndiyo uzazi wa kangaga. Ndani ya kila doa mna vumbi, na lile vumbi ndilo mbegu zake, kwa namna ya kusema. Linapeperuka, linatua penye unyevu, linatoa kijani kidogo chembamba kilicholala juu ya jiwe, na katika kile kijani ndimo inamozaliwa kangaga mpya. Kile kijani ni kile nilichokisugua kwa brashi ya waya. Na unyevu unakaa kwa sababu ya majani makavu ukingoni, yanayokunywa mvua na kuiachia kidogo kidogo kutani. Majani hayo ni yale niliyoyafagia.

Kwa hiyo niliosha watoto, nikasugua vitanda vyao, nikawanyima maji. Na nikasifiwa.

Nilikwenda kwa msimamizi. Nilijiandaa kwanza, nikajisemea maneno njia nzima, na nilipofika sauti ilitetemeka vilevile. Nilimwambia kufagia shimo kukome. Nilimweleza vumbi, majani, unyevu. Alinisikiliza huku anamenya chungwa.

"Kijana, umemaliza?"

"Naam."

"Unataka wageni watoke kwao, wapande ndege, waje wakanyage majani yaliyooza?"

"Ni msitu, mkuu."

"Ni msitu wa kutazamwa. Usiotazamwa ni ule kule nyuma, kafuge huko hayo mavumbi yako." Akacheka, akanipa kipande cha chungwa. "Kula. Hasira za njaa hizo."

Na mimi nilikila. Hilo linaniudhi mpaka leo. Nilisimama pale nimejaa ghadhabu, na nikala chungwa la watu.

Sikumwambia mtu mwingine. Niliacha tu kufagia shimo, kimyakimya. Asubuhi nilifagia njia, nikifika ukingoni nageuza. Majani yakaanza kujaa. Msimamizi alipoyaona hakunikaripia; alifanya jambo baya zaidi. Alianza kuniulizia afya. Akamwuliza muuza duka kijijini kama naumwa. Akamwuliza imamu. Akamwuliza mama mkubwa mwenyewe, mbele ya watu: "Bi mkubwa, mwanao vipi? Mbona shimo limekuwa chafu? Au mwili hauna nguvu?" Kwa mji aliolelewa mama yangu, na kwa kijiji cha dada yake, hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Mtoto wenu mchafu. Mtoto wenu mvivu.  Wakati wa kula mama mkubwa akaniongezea mchuzi.

Halafu ikaja habari ya ugeni. Wageni wakubwa, akasema msimamizi, watakuja kuitazama hifadhi, na hoteli moja ya jirani itawaleta. Shimo lazima lipendeze. Penye mapengo ukutani, pale kangaga zilipokufa, alikuwa na dawa yake.

"Utakwenda mjini," akaniambia. "Darajani. Utanunua kangaga za plastiki. Nzuri, si zile za kung'aa. Tutazitundika kwa waya."

Nilidhani anatania. Ana tabia ya kutania. Lakini alikuwa ameshatoa pochi.

Ningeweza kukataa pale pale. Sikukataa. Mtu mwenye wasiwasi haasi papo hapo. Anasema ndiyo halafu anaugua tumbo njiani. Nilikwenda mjini, nikalala kwa mama, na asubuhi nikaingia duka moja la mapambo. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi ambaye familia yake iko pale tangu enzi za babu zake, na Kiswahili chake ni kitamu kuliko changu. Mkewe alikuwa kaketi nyuma ya meza anafunga maua ya harusi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unataka nini, za harusi au za hoteli?"

"Kangaga. Za msituni."

"Za msituni wapi?"

"Zinakwenda kutundikwa msituni."

Mzee akavua miwani. "Mama watoto, njoo usikie. Msitu umeishiwa majani."

"Usimcheke mtoto wa watu," mkewe akasema bila kuinua macho. "Mteja huyo."

"Simcheki. Nampa hongera." Akaniteremshia fungu. "Chukua hizi. Hazifi, hazinywi maji, hazina maneno. Ukioa mke wa namna hii umefuzu."

"Muoe basi," mkewe akajibu. "Halafu leo mchana umwambie akupikie biriani."

Wakacheka wote wawili, na kilikuwa kichekesho kizuri, na sikuweza kucheka. Niligeuza jani moja la plastiki. Chini yake, katika mistari miwili, aliyelitengeneza alikuwa ametia madoa ya kahawia. Mtu katika kiwanda fulani, mbali huko, ambaye labda hajawahi kushika kangaga hai, alijua kwamba madoa ni sehemu yake. Mimi niliyelala jirani nayo nikayaosha kwa sabuni. Nililipa nikatoka upesi, maana nilikuwa karibu kulia dukani kwa watu.

Nilirudi Bwejuu mchana na gunia la plastiki begani. Nilipokaribia hifadhi nilisikia vicheko kabla sijaona mtu. Vicheko vya wanawake. Nikakazana. Ukingoni mwa shimo nikawakuta: mama mkubwa na wenzake wa mwani, kanga zimefungwa viunoni, kila mmoja na ufagio wake aliotoka nao nyumbani. Maji ya bahari yalikuwa yamejaa, hawana la kufanya pwani, wakaja. Ukingo wote ulikuwa mweupe. Majani yale niliyoyaacha yakusanyike, siku kwa siku, yalikuwa yamerundikwa pembeni na yanafuka moshi.

"Huyoo mgonjwa wetu!" mmoja akapaza sauti. "Pole baba! Kapumzike, kazi nshakumalizia."

"Mwanaume kufagia, mgongo lazima ukatae," akasema mwingine, na wote wakaangua kicheko.

"Tumekuja kukufichia aibu," mama mkubwa akasema kutoka ndani ya shimo. Alikuwa amesimama chini, kwenye mawe, na mkononi ana fungu la majani ya kangaga. Mabichi. Alikuwa anayageuza moja moja, lenye madoa analing'oa. "Yameanza tena haya maradhi yako. Tazama, yote yanaumwa. Nimekuchumia, utachoma mwenyewe."

Ule ulikuwa ukuta wa pili. Ule ambao sikuwahi kuuosha. Ule peke yake uliobaki na kangaga nzima.

Nataka niandike nilichosema kama nilivyokisema. Nilibwaga gunia nikapiga kelele: "Tokeni! Tokeni humo! Nani kawaita? Mnaua! Wajinga nyinyi, hamjui kitu, wajinga, mnaua!"

Wanawake wale ni watu ambao nikipishana nao njiani naanza mimi kuamkia. Mmoja alinipa dawa nilipougua homa. Neno hilo, wajinga, sijawahi kulisikia likitamkwa kwa mtu mzima nyumbani kwetu, hata na baba alipokuwa amekasirika vipi. Lilitoka kinywani mwangu, tena mara mbili, maana nililirudia. Na jambo la aibu zaidi ni kwamba wakati ninalitamka nilijisikia vizuri. Hasira yote niliyoimeza na lile chungwa ilitoka, na ikawaangukia waliokuja kunisaidia.

Kicheko kilikatika. Mama mkubwa alipanda juu polepole, mkono mmoja kiunoni. Aliyaweka majani yale chini mbele ya miguu yangu, kwa uangalifu, kama anayetandika.

"Haya," akasema. "Tumesikia. Twendeni, mashoga. Shimo lina mwenyewe."

Wakaondoka mmoja mmoja na fagio zao.  Ningependa wangenitukana.

Msimamizi alipata habari kabla sijafika kwake, na alifurahi. Sasa alikuwa na haki mkononi. "Umewatukana mama zako," akaniambia, na kwa mara ya kwanza hakutania. Nilimwambia ni kweli, nimekosa, na nitawaomba radhi. Na plastiki sitatundika. Sauti haikutetemeka. Sijui kwa nini ilikuwa rahisi vile siku hiyo. Nadhani nilikuwa nimeshafanya baya kuliko yote niliyoyaogopa.

"Basi nenda nyumbani," akasema. Akapanda ngazi mwenyewe, na kofia yake kwa mara ya kwanza imekaa upande, akazitundika.

Wageni walikuja. Mimi nilisimama ng'ambo ya barabara chini ya jua kama mtu aliyefukuzwa harusini. Waliingia, wakatoka. Walikuwa wamefurahi. Mmoja alikuwa anawaonyesha wenzake picha kwenye simu, na nilikuwa karibu kiasi cha kuiona: ukuta wa shimo, kangaga za plastiki, naye amesimama mbele yake anatabasamu. Hakuna aliyeuliza. Hakuna aliyegusa. Hasira iliyonipata pale siwezi kuieleza vizuri. Siwalaumu wageni; wametoka mbali, watajuaje? Nilikasirikia ile furaha yetu sisi wenyewe ya kusafisha kitu mpaka kife, halafu kununua mfano wake. Tumefanya hivyo kwa milango ya mji wetu, tumefanya kwa barza za kukalia nje, na sasa tumefanya kwa majani.

Nyumbani mama mkubwa alikuwa amesusa. Asiyejua kususa kwa wanawake wa kwetu asidhani ni kununa tu. Chakula changu kilipikwa, kikafunikwa kawa, maji ya kuoga yakatiwa ndooni. Lakini haongei nami. Anaongea na paka.

"Mwambie mwenye shimo wali upo tayari."

Paka ananitazama.

"Mwambie mwenye shimo nazi imezidi kidogo leo, asije akatuita wajinga."

Nilivumilia mpaka nikashindwa. Nilikaa mlangoni pake nikamweleza kila kitu: madoa, vumbi, kijani kwenye mawe, majani makavu, msimamizi na chungwa lake. Nilimwambia nilivyouosha ule ukuta wa kwanza. Alisikiliza huku anachambua mchele, na nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Tangu lini unayajua haya?"

Nikamwambia.

"Na hukusema kwa nini?"

"Nilikuwa sina hakika, mama mkubwa. Nilitaka nijue vizuri kwanza."

"Simu uliiambia. Yule mnene ulimwambia. Mie nakulaza, nakupikia, hukuniambia." Sauti yake ilianza kupanda. "Nakwenda pwani nawaambia watu, mwanangu kasema jani lenye doa linaumwa. Wanakwenda kuling'oa kwa maneno yako. Halafu unakuja kutuita wajinga! Ujinga huo tumeutoa wapi kama si kwako?"

  Nilikuwa nimewakasirikia watu kwa kutojua jambo nililowaficha mwenyewe, na sababu ya kulificha ilikuwa ni kuogopa kulisema kabla halijakamilika.

Kesho yake maji yalipokupwa nilikwenda pwani kwenye mashamba ya mwani, nikawaomba radhi mmoja mmoja, miguu ndani ya maji. Walinifungisha kamba za mwani mpaka shingo ikaungua kwa jua, na wakanicheka nilivyokuwa nafungua fundo ambalo halikunyooka ili nilifunge upya. Mwisho yule aliyenipa dawa akasema, "Radhi tumekupa. Lakini shimo lako hatufagii. Hatukanyagi tena."

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Msimamizi aliwaita siku ya usafi wa kijiji, wakaja wote, wakafagia barabara, wakafagia njia ya hifadhi, wakafika ukingoni mwa shimo wakageuka kama jeshi. Akawasihi. "Lina mwenyewe," wakamjibu. Akaja mpaka nyumbani na sukari na mchele. Mama mkubwa alivipokea vyote, akampa chai.

"Sukari nshapokea, Mungu akuzidishie," akasema. "Shimoni sendi."

"Bi mkubwa, kwani kijana si kashaomba radhi?"

"Kaomba. Tumempa. Na tumesusa."

Wanaume aliowatafuta walimcheka. Kufagia si kazi yao, na wake zao wamesusa. Mwisho alichoka. Majani yakaanza kuanguka yakabaki pale yalipoangukia.

Na hili ndilo linalonikasirisha kuliko yote, kwa namna ambayo hata mimi naiona ni ya kipumbavu. Nilisoma. Nilitafuta maneno kwenye kamusi ya marehemu baba usiku na mchana. Nilijenga hoja nikazipanga. Hazikuokoa hata jani moja. Kilicholiokoa shimo ni wanawake walioudhiwa na maneno yangu mabaya. Ningekuwa na adabu siku ile, wangemaliza kazi, na ukuta wa pili ungekwisha. Sijui nifanye nini na jambo hilo. Siwezi kulifurahia na siwezi kulijutia kikamilifu, na mtu kama mimi hapendi kitu kisicho kikamilifu.

Masika yalipopita nilishuka shimoni peke yangu. Sikwenda na brashi wala kitambaa. Kwenye ukuta wa pili, chini ya majani yaliyooza, mawe yalikuwa yameshika tena ule utando wa kijani, na katika ufa mmoja kulikuwa na machipukizi yamejikunja, madogo kuliko ukucha. Sikuyagusa.

Kilichobadilika tangu wakati ule ni hiki. Njia ya hifadhi inafagiwa, shimo na ukingo wake havifagiwi. Ukuta wa pili una kangaga changa. Ule niliouosha kwa sabuni bado mtupu, na sijui kama utarudi. Msimamizi alinirudisha kazini akitumai wanawake watalegea, lakini si kwenye usafi; amenikalisha getini kukata tiketi, na wageni wakiuliza zile za plastiki ni nini nawaambia ukweli mbele yake. Mama mkubwa anaongea nami. Nikijua jambo nusu, namwambia siku hiyohiyo hivyo hivyo nusu, nikiwa naona haya, na yeye huniuliza maswali ambayo mara nyingi sina majibu yake.